Mwinjilisti Aliyeomba Damu

Sisi watoto wa Kihanga tulipomwona Mwinjilisti anaingia kwenye njia ya kibanja chetu, tulikimbilia migombani. Hakuwa na fimbo wala sauti kali. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti la kaki lililochanika kwapani, na baiskeli aliyoisukuma zaidi kuliko kuipanda. Tulimkimbia kwa sababu tulijua anachotafuta. Alitafuta damu.

Hakutaka damu ya watoto, lakini hilo nilikuja kulielewa baadaye. Aliitaka ya baba zetu, ya wajomba, ya kila mtu mzima aliyekuwa anatembea bila kukohoa. Siku zile hospitali ya misheni haikuwa na akiba ya damu. Mgonjwa akiihitaji, ndugu zake ndio walioambiwa watoe, na ndugu nao walikuwa mbali, au waoga, au ghafla walikumbuka ng'ombe waliowaacha bila mchungaji. Mama aliyejifungua vibaya aliweza kufa huku uwanja wa hospitali umejaa wanaume wenye nguvu, kila mmoja akimtazama mwenzake. Usharika ulimwajiri Mwinjilisti ahubiri, afundishe watoto wa kipaimara na azike wafu. Kuomba damu hakutumwa na mtu yeyote.

Naandika habari zake kwa sababu ilifika siku dada yangu Koku alikuwa amelala kitandani anaisha, na Mwinjilisti akatakiwa kuchagua kati ya uhai wa Koku na maneno yake mwenyewe ya miaka mingi. Tangu siku ile nimejaribu kumpima mtu huyu kwa kila kipimo ninachokijua. Sijafanikiwa. Labda nikimweka kwenye karatasi nitaacha kuzunguka.

Wapo waliosema alianza wakati wa vita, mwaka 1978. Mwenyewe hakupenda kulizungumza. Nilimsikia akiligusa mara moja tu, sebuleni kwetu: kijana wa mgambo aliletwa hospitali juu ya gari la mizigo, akahitajika mtu wa kumpa damu, na watu wakaangaliana mpaka ikawa haina haja tena. "Na mimi nilikuwa katika wale walioangaliana," alisema, kisha akaomba maji ya kunywa.

Jambo ambalo wageni hawakuliamini ni kwamba aliogopa sindano kuliko watu wote niliowahi kuwajua. Namaanisha woga wa kweli, wa jasho. Kila aliporuhusiwa kutoa tena, alitoa. Lakini alikaa ameugeukia ukuta, amefumba macho, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti iliyovuka dirisha. Hakuwa na sauti ya kuimba.

"Mwinjilisti," nesi alimwambia siku moja, "wodi ya wazazi wanauliza nani anachinjwa."

"Waambie ni mbuzi mzee," alijibu bila kufumbua macho, akaendelea na ubeti wa pili. Alipomaliza alisimama, akasema "Bwana asifiwe," akaanguka. Walizoea. Walimwekea mto sakafuni kabla hajaanza.

Hakuuficha woga huo, aliutumia. Alisimama uwanjani kwenye mazishi, au baada ya ibada, akawaambia wanaume, "Mnaogopa? Mimi naogopa kuwashinda nyote. Muulizeni nesi. Naanguka kama gunia la maharage. Na bado nipo." Watu walicheka, na katika kucheka kuna aliyeona aibu kidogo, akamfuata.

Baba yangu hakuwa miongoni mwao. Mazungumzo yao nayakumbuka neno kwa neno kwa kuwa yalikuwa yaleyale kila mara.

"Hodi hapa, mzee. Habari za hapa?"

"Nzuri, Mwinjilisti, karibu. Ila leo nina mafua."

"Sijakuomba kitu."

"Najua, waitu," baba alimwita kwa neno letu la heshima. "Nakuambia tu. Mafua makali."

"Mafua hayakuzuii kunipa kahawa ya kutafuna."

Baba alicheka kwa kushindwa, akamletea buni zilizokaushwa ndani ya kikapu kidogo, kama tunavyomfanyia kila mgeni. Na hapo ndipo Mwinjilisti alipoanza kazi yake halisi. Alichukua buni moja, akaizungusha kati ya vidole, akauliza kama mtu anayejiongelesha: "Mzee, baba yako alikuwa na mtu wa mkago?"

Kwa asiye wa kwetu, mkago ni undugu wa kuchanjana. Zamani watu wawili wasio wa ukoo mmoja waliketi mbele ya mashahidi, wakachanjwa karibu na kitovu, na kila mmoja akameza buni iliyopakwa damu ya mwenzake. Kuanzia hapo walikuwa ndugu kuliko waliozaliwa tumbo moja. Huwezi kumnyima ndugu yako wa mkago chakula, huwezi kumsaliti, na huwezi kuoa kwake, kwa sababu dada yake ni dada yako. Makanisa yaliukataza na vijana wa rika langu hatukuuona ukifanywa. Lakini wazee waliujua, na waliuogopa kama moto.

Basi Mwinjilisti aliwaambia watu kwamba anayempa mgonjwa damu yake amekula naye mkago. Hospitali, alisema, imebadilisha wembe kuwa sindano na buni kuwa chupa, lakini jambo ni lilelile. Hutoi bure. Unapata ndugu.

Maneno hayo yalifanya kazi pale ambapo huruma ilishindwa. Kibingo kulikuwa na mkulima wa kahawa aliyegombana miaka na jirani yake mfugaji, mtu wa asili ya Rwanda, ambaye ng'ombe wake walikuwa wakiingia kwenye maharage. Mtoto wa mfugaji akaishiwa damu kwa malaria. Sijui Mwinjilisti alimwambia nini mkulima usiku kucha, ila asubuhi alimleta amemkalisha nyuma ya baiskeli. Mtoto akapona. Baada ya hapo ng'ombe waliendelea kula maharage, na mkulima akawa anasema, "Waacheni, ni ng'ombe wa kaka yangu." Mtu wa nje akimwita mfugaji mkimbizi, mkulima ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja ngumi.

Mchungaji alimwita Mwinjilisti na kumkemea. Alimwambia anarudisha mambo ya giza kupitia mlango wa hospitali. Mwinjilisti alisikiliza ameinamisha kichwa, akasema, "Nimekosa, Mchungaji," akatoka, na Jumapili hiyohiyo mchana akauhubiri mkago kwenye matanga huko Mabira. Hiyo nayo ilikuwa tabia yake. Alikuwa mwepesi wa kukubali, mzito wa kutii.

Na nyumbani kwake? Mke wake alikuwa mwanamke mcheshi mwenye uchungu. "Angeomba kuni kama anavyoomba damu," alituambia, "na mimi ningepika." Paa lao lilivuja. Mtu aliyetembea hadi Mabira kwa ajili ya mtoto wa watu alisahau siku ya kipaimara ya binti yake mwenyewe. Nilipokuwa msichana nilimwona shujaa. Nilipokwenda chuo nikaanza kumwona mtu anayekimbia kitu, na anayekimbia hana muda wa kuezeka.

Kisha ukaja ule ugonjwa uliofunga nyumba nyingi za Kagera. Woga wa sindano ukapata sababu mpya. Wengine walisema sindano ndiyo inayouleta. Wengine, na hawa walikuwa wengi zaidi ingawa hawakulisema, waliogopa kwamba damu yao ikipimwa wataambiwa jambo ambalo hawakuuliza. Mwinjilisti alimwomba nesi afungue pakiti ya sindano mpya mbele ya macho ya kila anayekuja. Alikubaliana na maabara kwamba asiyetaka kuambiwa asiambiwe. Hata hivyo benchi lake lilipungua. Watu hawakucheka tena alipowasimulia anavyoanguka. Kitu kimoja tu ndicho kilichoendelea kuwaleta, nacho kilikuwa mkago.

Kulikuwa na dalili kwamba mkago huo ungetugeukia, lakini tuliifanya kichekesho. Kijana mmoja wa Kihanga alikataa kumpa damu msichana wa jirani kwa sababu, alisema, anakusudia kumposa, na hataki kuposa dada yake. Mwinjilisti alicheka mpaka akashika ubavu. Akatafuta mtu mwingine, msichana akapona, wakaoana. Sote tulicheka. Mimi, ambaye huona mabaya hata pasipo mabaya, sikuona chochote.

Koku alijifungua nyumbani kwake Mabira, wakati mimi niko likizo. Mtoto alitoka mzima, kondo la nyuma likabaki. Wanaume walimbeba kwenye machela ya miti hadi barabarani wakasubiri gari, na alipofika hospitali midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mimi na baba tulimkuta akiwa tayari amelazwa. Daktari alilitoa kondo, akaja kutuambia akiwa bado na glavu mkononi: "Damu imeacha kutoka, lakini iliyobaki haimtoshi. Nataka ya kumwongezea, na naitaka sasa hivi."

Baba, yule wa mafua, alikunja mkono wa shati kabla hajaombwa. Damu yake haikukubaliana na ya Koku. Nikapimwa mimi, nikitetemeka hata mpimaji wa maabara akaniuliza kama nina homa. Haikukubaliana. Mama mkwe wa Koku akatoa mkono wake wenyewe, mwembamba na wenye mishipa mingi, akasema, "Chukueni yote." Haikukubaliana. Akabaki shemeji, mume wake. Yule wa maabara alitoka mlangoni na kusema, "Ya mume imekubali. Aingie."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Hapana," alisema. "Huyu hapana."

"Mama, unakataa nini?" nikamuuliza.

"Sikatai damu, mwanangu. Umeona nimetoa yangu. Nakataa ya huyu. Akimpa, Koku anakuwa dada yake. Atalalaje na dada yake? Na yule mtoto aliye nyumbani, mtoto wa kaka na dada, tutamwita nani?"

"Mama..." shemeji alianza.

"Nyamaza. Utarudi naye umweke chumba gani?"

Shemeji aliegemea ukuta. Nilimtazama na kuona kwamba hakunyamaza kwa kumwogopa mama yake peke yake. Yeye pia aliamini. Alikuwa analia, mikono yake ameikumbatia kifuani kana kwamba mtu atamnyang'anya. Nilianza kueleza mambo ya damu kama nilivyosomeshwa, nikachanganya maneno, nikarudi mwanzo. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliuona mguu wa Koku nje ya shuka, umekaa vilevile muda wote.

Mtu alikimbia kumwita Mwinjilisti. Hakuwa mbali. Alikuwa kwenye benchi mwisho wa ukumbi, amekaa na wanaume watatu aliowatoa Kibingo siku ile. Wale walikuja kwa ajili ya mtoto wa kibarua mmoja wa asili ya Burundi, na damu yao, iliyokwisha kupimwa, ilimfaa yeye, siyo Koku. Mama wa mtoto alikuwa amekaa karibu nao, mtoto amelala mapajani, viganja vyake vyeupe kama vya mtu aliyepaka unga. Walikuwa wanasubiri zamu kwa sababu chumba kilikuwa kimeshikwa na sisi.

Mwinjilisti alisikiliza. Kwanza alijitolea yeye mwenyewe. Nesi akamkatalia: alikuwa ametoa karibuni, bado hajarudia hali yake. Akamgeukia mama mkwe.

"Mama, mwache kijana aingie. Hakuna ubaya."

"Wewe ndiye unayesema hakuna ubaya?" Mama mkwe hakupandisha sauti. "Ulisimama kwenye matanga ya shemeji yangu. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyepika. Ulisema anayempa mtu damu amekula naye mkago. Sasa niambie, Mwinjilisti waitu. Ulitudanganya siku ile, au unatudanganya leo?"

Ukumbi wote ulisikia. Wale watatu kwenye benchi walisikia. Mwinjilisti aliwatazama, akamtazama yule mama mwenye mtoto mapajani, akautazama mlango wa Koku. Nimeukumbuka uso ule mara nyingi. Alikuwa anaelewa kabla yetu sote.

"Niliwadanganya siku ile," alisema.

"Sema vizuri."

"Damu siyo mkago. Mkago ni kiapo, na mashahidi, na watu wawili waliokubaliana. Hii ni damu tu, Mama. Inaingia kwa mgonjwa, inakuwa yake, basi. Haileti undugu wowote. Nilisema vile ili mje."

"Uape."

"Naapa mbele za Mungu."

Mama mkwe akasogea pembeni. Shemeji aliingia karibu anakimbia.

Nyuma yetu mmoja wa wale watatu alisimama. "Mwinjilisti," aliuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, "kwa hiyo huyu mtoto si chochote kwangu?"

"Ni mtoto anayekufa."

"Nimesikia. Nakuuliza kama ni ndugu yangu."

Mwinjilisti alikuwa ameapa muda uleule. "Siyo ndugu yako," alisema.

"Na wale wote tuliotoa huko nyuma, tulichomwa bure?"

"Hamkuchomwa bure. Watu walipona."

"Watu wa nani?" mwanaume aliuliza. Akavaa kofia yake. Wa pili alisema anakwenda kuangalia baiskeli. Wa tatu alitoka nyuma yao. Mwinjilisti aliwafuata mpaka getini, nikamwona kwa mbali anawashika mikono, anaongea, anawashika tena. Alirudi peke yake. Damu zetu sisi tuliopimwa hazikumfaa mtoto pia. Alikunja mkono wa koti na kumwambia nesi amtoe yeye, aandike jina lolote. Nesi alimjibu, "Mwinjilisti, nitakuua," naye akasema, "Basi niue," na nesi akaanza kulia, lakini hakumchoma.

Mtoto yule alikufa kabla jua halijazama. Koku alifumbua macho karibu na saa ileile, akaomba chai.

Najua kwamba mambo hayo mawili hayakupangwa na mtu. Najua chumba kilikuwa kimoja, na daktari mmoja, na kwamba wale watatu huenda wangekimbia kwa sababu nyingine. Nimelieleza jambo hili kichwani kwangu kwa namna zote. Koku alirudi Mabira na mumewe, mama mkwe akambeba mjukuu mgongoni mpaka mama yake alipopata nguvu, wakazaa wengine. Kila ninapomsikia dada yangu akicheka, nafurahi, kisha namwona yule mwanamke akitoka getini na kanga yake imefunika kitu ambacho hakikuwa tena kizito kwake.

Habari ilienea haraka kuliko mahubiri yake yote. Watu walimsimamisha njiani: "Mwinjilisti, yule niliyempa damu, ni ndugu yangu au siye?" Naye aliwajibu wote jibu moja. Baadhi walivunja urafiki waliokuwa wameujenga juu ya chupa ile. Yule mkulima wa Kibingo, nimesikia, alipiga ng'ombe wa mfugaji mawe. Benchi likawa tupu. Watu walikufa. Hakuna aliyeweza kusema ni wangapi kwa sababu yake, na nadhani hilo ndilo lililokuwa baya zaidi kwake, kwa kuwa ndilo lililo baya zaidi kwangu.

Nilimkuta tena mwaka huu, nikiwa nyumbani na digrii yangu, nangoja barua ya kazi isiyokuja. Alikuwa anatembea kwenye barabara ya kwenda hospitali bila baiskeli, koti limempwaya mwilini.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, binti. Dada yako mzima?"

"Mzima. Anakusalimu."

"Mzima," alirudia, akatikisa kichwa kama mtu anayeonja chakula.

Nilitembea naye. Nilikuwa na jambo nililolibeba miaka, na nilijua nisipolisema siku ile sitalisema. Nikamwambia kwamba lilikuwepo jibu lingine. Angeweza kumwambia mama mkwe kwamba mume na mke wamekwisha kuwa mwili mmoja, na mtu hali mkago na mwili wake mwenyewe. Mama mkwe ni mtu wa kanisa, angekubali. Shemeji angeingia, na wale watatu wangebaki kwenye benchi. Wote wawili wangepona. Nilimweleza kwa haraka na kwa mpango, kama niliyekuwa mbele ya mtahini.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Zuri," alisema. "Mimi nimepata manne mazuri kuliko hilo." Tulikwenda hatua kadhaa. "Lakini lingekuwa uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Nao ungekuja kuua mtu, siku nyingine, mahali ambapo sipo."

"Na ukweli je? Ukweli haukuua?"

"Uliua," alisema. "Nilikuwepo, nikaona."

Tulifika hospitali. Siku hizi kuna jokofu la damu, alinieleza, na tatizo ni kwamba halina kitu. Kwenye benchi alikuwepo mwanaume mmoja wa makamo. Mwinjilisti akamsalimu na kuketi.

"Nikitoa, inakwenda kwa nani?" mwanaume aliuliza.

"Sijui. Kwa atakayeletwa."

"Atanijua?"

"Hatakujua. Na wewe hutamjua."

"Inauma?"

"Inauma."

Mwanaume alifikiri, akaaga kwa adabu, akaondoka. Mwinjilisti hakumfuata. Nesi alitokeza kichwa, akaona benchi, akakirudisha. Nilingoja Mwinjilisti azungumze nami, anisihi, aniambie lolote. Nilikuwa na majibu tayari: sijala vizuri, nina safari, tangu utotoni sindano hunifanya nisikie mlio masikioni. Hakuniuliza. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, akitazama mlango ambamo mtu yeyote angeweza kuletwa.

"Mimi," nikasema.

Alinigeukia. "Unaogopa."

"Sana."

"Kaa upande wa ukutani. Ukianguka, utaangukia kwangu."

Nesi alifungua pakiti mpya mbele ya macho yangu. Mlio ulianza masikioni. Nilikusudia kugeuka nisitazame, lakini nilitazama mpaka mwisho, ncha ikiingia.

Iliuma. Alikuwa amesema inauma, na iliuma.